Waliogombea Kiti cha Kubembea

Bibi wa mstari wa mbele aliinua kibao chake cha namba kabla dalali hajafunga mdomo. Binti yake akaukamata ule mkono na kuushusha.

"Mama, tulia. Tulikubaliana nini nyumbani?"

"Umesikia bei anayoanzia? Hiyo ni bei ya kigoda." Bibi akauinua tena.

Mistari michache nyuma yao, mke kijana mwenye tumbo lililokaribia kufika magotini alimgeukia mumewe. "Tumepata mshindani."

"Yule?" Mume akacheka chinichini. "Yule nikipiga chafya tu anaanguka."

"Nyamaza, inua kibao."

Kiti chenyewe kilikuwa juu ya jukwaa, kati ya saa ya ukutani isiyotembea na sanduku la shaba. Kilikuwa kiti cha kubembea cha zamani sana, mbao nyeusi iliyong'arishwa na makalio ya vizazi, mikono yake imechongwa majani. Jana yake, watu waliporuhusiwa kupita kuangalia mali, mke alikikalia kidogo tu, kujaribu. Mgongo uliokuwa ukimtesa tangu tumbo lichomoze ukanyamaza. Mtoto, ambaye kila alasiri alipiga mateke kama mwenye nyumba anayedai kodi, akatulia tuli. Ikabidi mlinzi aje kuuliza kama mama ameshalala. Tangu hapo mke alikuwa na neno moja: mtoto atanyonyeshwa kwenye kiti hicho, na kingine hakitaki.

Dalali aliitwa Redio, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kitufe cha kumzimia. "Mama wa mbele, nimekuona. Baba wa nyuma, nimekuona. Wengine mmekuja kupunga upepo?"

Bei ikapanda. Mume akiinua, Bibi anainua. Mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale, aliyeingia kwa mbwembwe, akatikisa kichwa na kurudi kwenye gazeti lake. Wakabaki wawili.

"Nisiwafiche," Redio akasema, "mkono wa kulia una kasoro, umekwaruzwa. Hapa hatuuzi mbuzi kwenye gunia."

Bibi akasimama. "Hiyo si kasoro, ni meno. Kifungua mimba wangu aliota meno akiwa amepakatwa hapo. Wanangu wote nimewalea kwenye kiti hicho, na baba yao ndiye aliyekuwa akikipaka mafuta kila Jumapili mpaka alipofariki. Halafu wewe unakinadi kama kuku mgonjwa."

Binti yake akajifunika uso kwa mtandio. "Mama, jamani. Kaa chini."

"Maskini," mwanamke mmoja akanong'ona nyuma. "Sijui kilimtokaje."

"Shida, dada yangu," jirani yake akajibu. "Shida haina adabu."

Redio mwenyewe akameza mate, jambo ambalo wazoefu wa ukumbi ule hawakuwahi kuliona. Kisha akanyoosha nyundo upande wa mume na mkewe. "Baba wa nyuma, bado tuko pamoja?"

Kibao cha mume kilikuwa kimefika usawa wa kidevu. Mfukoni bado walikuwa nacho cha kuongeza. Mke aliyatazama mabega ya Bibi, membamba ndani ya gauni lililopigwa pasi kwa ajili ya siku hiyo. Akamnyang'anya mumewe kibao na kukilaza mapajani, namba ikiangalia chini.

"Una hakika?"

"Ingekuwa ni mimi, na kiti ni kile, na aliyeking'ata ni huyu," akagusa tumbo, "ningeomba Mungu mtu aniachie."

"Na mgongo?"

"Utanikanda wewe."

"Kwa hiyo kiti ni mimi."

"Kiti ni wewe. Na usilielie, wanaume wengine hata kigoda hawawi."

Redio akahesabu moja. Bibi akageuka nyuma. Akahesabu mbili. Macho ya Bibi yakamtafuta mume, yakakiona kibao kilicholala, yakapanuka kama ya mtu aliyekosa ngazi gizani. Mke akaweka mkono kifuani na kumtabasamia: chukua, bibi, ni chako.

Nyundo ikagonga. Ukumbi mzima ukapiga makofi, hata yule wa gazeti. Bibi akajikalisha polepole na kujifuta uso kwa ncha ya mtandio wa binti yake.

"Machozi ya furaha hayo," mwanamke wa nyuma akasema, naye akitafuta leso.

Mnada ulipokwisha, mke akamvuta mumewe mpaka kwenye dirisha la malipo. Walimkuta Bibi amesimama na pochi yake imefungwa. Binti yake ameegemea ukuta, anacheka mpaka amejishika mbavu.

"Shikamoo, bibi. Tumekuja kukupa hongera. Sisi ndio tuliokuwa tunagombea na wewe."

"Marahaba. Kumbe ni nyinyi." Bibi akaushika mkono wa mke, akalitazama tumbo kwa muda mrefu. "Mbona mliacha, mjukuu wangu? Mlikuwa mnakwenda vizuri."

"Tuliona kiti kirudi kwa mwenyewe, bibi."

Binti yake akaanza kucheka upya, safari hii bila sauti. Bibi akamkata jicho, kisha akashusha pumzi.

"Haya, nielekezeni mnakokaa," alisema, "maana gari nililolikodi asubuhi kukileta hapa kije kuuzwa bado liko nje."