Kidole cha Sonara

"Weka tena dole gumba, mzee," alisema wakala wa dhahabu ya kwenye simu.

Niliweka, mashine ikagoma. Nilitaka dhahabu niliyojiwekea akiba kwenye simu igeuke pesa taslimu, maana mke wangu alikuwa anasubiriwa na daktari wa macho.

"Kidole chako hakina alama hata moja. Umekipiga pasi?"

"Mimi sonara, mwanangu. Nilisugua dhahabu mpaka jua likaomba miwani. Alama zimekwenda na msasa."

"Basi mashine haikujui."

Nikakitemea mate, nikakipangusa, nikabonyeza hadi ukucha ukawa mweupe. Wapi.

Kando yangu, mke wangu alipapasa kaunta, kisha akaanza kuizungusha ile pete niliyomtengenezea mwenyewe, ili itoke.

"Mwanangu," akauliza, "hii utanipa ngapi?"

Wakala alikuwa ameshatoa mizani.