Zamu ya Mume

Mashine ya kumbukumbu iliwaonyesha wazee wawili, mume na mke, maisha yote waliyowahi kuishi pamoja kabla ya haya, na katika kila maisha mume alitangulia kufa, akamwachia mke kilio.

Daktari alisogeza kisanduku chenye moyo mpya. "Tukuwekee sasa, mama?"

"Sitaki."

"Mke wangu, bila huo hufiki kesho." Vifungo vya shati la mzee vilikuwa vimepishana, kama kila asubuhi asipofungiwa na mkewe. "Utaniacha na nani?"

"Ndivyo nilivyokuuliza kila nilipokuzika. Hukunijibu hata mara moja." Akatabasamu. "Kumbe mkuki kwa nguruwe."

Mzee akaanza kulia. Mke akanyoosha mkono, akamfungia vizuri kifungo cha juu. Vilivyobaki akamwachia mwenyewe.