Mwani Mwekundu wa Kileleni

Nondo ilimpata mpagazi mdomoni, na meno yakatoka pamoja na damu.

Fundi wa kuchomelea vyuma akaiinua tena. Hakuwa mtu wa ugomvi, lakini asubuhi ile mpwa wake alikuwa ameshushwa kutoka kilele cha kaskazini, kichwa kimepasuliwa kwa jiwe, na aliyeonekana akigombana naye jana yake ni huyu huyu mpagazi. Watu walijaa uani mwa kituo cha utafiti, wengine na mawe, wengine na mikanda. Kila mmoja alitaka japo teke lake. Mbavu zililia chini ya viatu.

"Kaka, mwache."

Sauti ilikuwa ndogo, lakini mateke yalikoma. Aliyesema ndiye dada yake fundi, mama wa marehemu, mtafiti wa kituo kile, macho yake makavu. Alipita katikati ya watu, akamvua mpagazi koti lililolowa damu na kuingia nalo maabara. Huku nyuma yule mtu aliapa kwa mdomo uliovimba kwamba alikuwa mlima wa kusini, akibeba mizigo.

Aliporudi mlangoni, mama aliwaeleza taratibu, kama anayefundisha watoto. Upepo wa kisiwa kile hubeba mwani mdogo usioonekana kwa macho, si ule wa baharini, ukautawanya milimani. Yeye na mwanawe walikuwa wakiutega kwa vioo vilivyopakwa mafuta mazito. Kila mlima una mwani wake: kusini wa kijani, magharibi wa kahawia, mwembamba kama vijiti. Ule mwekundu wa mviringo hauonekani kokote ila kilele cha kaskazini. Apandaye kule hurudi nao nguoni, apende asipende.

"Nimelipima koti lake," alisema. "Kijani kitupu. Hakuwa kaskazini."

Fundi alihisi nondo ikimwelemea mkononi. Watu waliondoka mmoja mmoja, wakikwepa kutazamana.

Baada ya mazishi dada yake alimlaza mpagazi kituoni, akamkanda kwa maji ya moto na kumnywesha uji kwa kijiko. Watu walisema moyo wa namna ile hawajauona. Fundi naye usingizi ulimpaa. Kila alipowasha mashine yake aliona uso ule ukipasuka, uso wa mtu asiye na hatia, na mishono ya vyuma ikaenda upande.

Siku moja alivua glavu, akaenda kituoni kumwomba mpagazi radhi. Hakumkuta yeye wala mama wa marehemu. Mfagiaji alimwambia kwamba mpagazi amepata nafuu, na mama amemwomba amsindikize kaskazini kuitoa mitego kabla ya mvua, kwa kuwa peke yake hawezi tena kupaona pale mwanawe alipofia. Mpagazi alikubali huku akimbusu mikono. Walibeba kamba moja.

Mlango wa maabara ulikuwa wazi. Hadubini ilikaa mezani, kioo bado kimebanwa ndani yake, maana tangu koti lipimwe hakuna aliyefanya kazi humo. Kando yake lilikuwa limekunjwa lile koti lenye damu, limekatwa kipande kidogo cha ukosi. Fundi aliinama kwenye hadubini. Alitaka tu kukiona kile kitu kilichomwokoa asiue.

Aliona maduara mekundu. Yalijazana kioo kizima kama shanga zilizomwagika.

Alikimbia. Alipanda njia ya kaskazini huku kifua kikiwaka moto, akiita jina la dada yake, na upepo ukimrudishia sauti yake mwenyewe. Ukungu ulipofunguka alimwona anashuka peke yake, magoti yamejaa tope, anakanyaga kwa uangalifu.

"Ameteleza," alisema dada, hata kabla hajaulizwa.

Kamba ilining'inia begani mwake. Ncha yake haikuwa imekatika kwa uzito wa mtu. Ilikuwa imekatwa kwa kisu.