Herufi Mbili

"Mwambie nataka kurudi Burundi," baba alimwambia Claudine, mbele ya mzungu aliyekuwa akiandikisha watu wa lori la kesho pale kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila.

Kaka yake Claudine alirudi mwaka jana, akauawa wiki ileile. Baba hakutaka kusikia habari za kubaki.

Asubuhi hiyo darasani walifundishwa vitenzi vya Kiingereza: unaongeza -ed mwishoni, jambo linakuwa limepita.

Claudine alimgeukia mzungu. "He wanted to return," alisema.

"Alitaka? Kwa hiyo sasa hataki?" mzungu aliuliza kwa Kiingereza.

Claudine aliitikia kwa kichwa. Mzungu akalikata jina la baba kwenye orodha kwa kalamu.

"Umemwambia vizuri, mwanangu?"

"Nimemwambia, baba."

Mzee akamshika mkono, akamshukuru, akaenda kufunga mizigo.