Msafara wa Mfalme

Basi liliwashusha njiani, maana nusu ya London ilifungwa kwa sherehe za mfalme. Maureen akamsukuma mumewe kwenye kiti cha magurudumu mpaka uzio wa polisi ukawazuia. Hospitali ambako mumewe, mgonjwa wa figo, alitakiwa kusafishwa damu siku hiyo ilikuwa ng'ambo tu ya barabara.

"Subiri msafara upite, mama," polisi alisema.

"Utapita saa ngapi?"

"Sijui. We furahia sherehe."

Maureen aliitazama miguu ya mumewe. Ilikuwa imevimba hadi ngozi inang'aa, na viatu havikufungika kamba.

"Furahia mwenyewe!" alifoka, akausukuma uzio kando kwa nyonga.

"Rudi! Farasi wanakuja!"

"Basi nao wasubiri," mumewe alijibu.

Magurudumu yakashuka barabarani.