Sukari Isiyometa

Mzee Shekue alipika gubiti, zile peremende ngumu za sukari, miaka arubaini, na hakuwahi kuona chembe za sukari zikipotea bila moto. Lakini Amne, bintiye, alitoa kopo kwenye chombo cha baridi kali kilichofuka moshi mweupe. Humo koponi gololi za chuma zilikuwa zimeitwanga sukari tangu alfajiri.

“Hebu tazama, baba.”

Unga ule haukumeta hata kwenye mwanga wa dirishani. Mzee, ili chembe zipotee, ilimbidi aiyeyushe sukari, na mara nyingi iliungua. Huu ulikuwa mweupe pe! Akalamba kidole, kama afanyavyo kila mpika gubiti, akakichovya.

“Baba, unyevu!”

Hapo alipogusa pakashikana kibonge, na punde chembe zikaanza kumeta upya. Mzee akanywea.

“Nimekuharibia, mwanangu.”

“Iliyobaki yatosha kuwaonyesha watu wa kiwanda cha dawa, wanaotaka unga uyeyukao upesi,” Amne alisema, akiimimina kwenye kigae kikavu. “Ila usiipumulie.”

Mzee alivua kofia, akaziba nayo pua na mdomo, akainama tena. Alitazama kwa muda mrefu. Machozi yalipomlengalenga, akarudi nyuma haraka, yasije yakaidondokea.