Chaza wa Mto Kagera

Mwanahalima, mke wa mwenye duka, alikuwa akipuliza kijiko cha mchuzi wa chaza wakati bibi jirani, mfugaji wa Kihima, alipoingia na kibuyu cha maziwa.

"Shikamoo, bibi."

Bibi alikuwa akikitazama chungu. Makombe yalikuwa yamefunguka katika maji yanayochemka, na nyama ya kijivu ilitokeza kama ndimi.

"Nini hicho, mwanangu?"

"Chaza, wametoka mtoni. Kwetu Bagamoyo mgonjwa hupewa mchuzi wao apate nguvu."

"Kwetu ni mwiko. Anayekula vitu vya majini akinywa maziwa yetu, ng'ombe hufa." Bibi akashusha sauti. "Sotoka imeingia zizini. Leo ameanguka ng'ombe mwingine. Wanangu wako hapo nje, wanataka kujua ni nani aliyetuharibia."

Mwanahalima alimtazama mwanawe aliyempakata. Tangu mama augue homa, matiti yake yalikuwa yamekauka. Bila kibuyu kile alicholetewa na bibi kila siku, mtoto asingekuwa hai.

"Nimekula mimi peke yangu," akasema. "Na maziwa yenu siyagusi."

"Na mtoto? Ameonja?"

Mwanahalima akakishusha kijiko. Bibi akamshika bega.

"Sema hapana, mwanangu. Nami nitawaambia hivyo hivyo."

"Hapana, bibi."

Wana wawili wa bibi wakaziba mlango kwa miili yao, fimbo mkononi. Mtoto, ambaye hakuwa ameondoa macho kwenye kijiko, akaudaka mkono wa mama yake wenye kijiko, akauvuta na kupanua kinywa.